Muulize Anti: Nimezoea punda wa Lamu, farasi wa Marekani nitawaweza?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, kaka yangu anaishi Marekani na katufanyia buking ya wiki nzima kwenye ranchi moja huko Wyoming mwezi wa saba, tukapande farasi kule kwenye farasi mwitu. Punda nampanda tangu mdogo na mbio za Maulidi nishaingia. Sasa jamaa barazani wananambia huko unapewa farasi mwitu umtulize mwenyewe, akikutupa shauri yako. Ni kweli? Na huu upandaji wangu wa punda unatosha?
Msomaji, Lamu

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao wa barazani waambie wanywe kahawa yao watulie. Farasi mwitu hapandwi, anatazamwa. Wewe utapewa farasi wa ranchi, kashafunzwa zamani na kashabeba wageni wa kila aina, na hao mwitu, mustang wanawaita, wanalindwa na sheria iliyosainiwa na Rais Nixon mwaka 1971, yaani kuwabughudhi tu ni kesi. Sheria hiyohiyo inawalinda na punda mwitu, kwa hivyo mtu wa Lamu usijione mgeni sana.

Muulize kaka yako ranchi iko upande gani. Ikiwa ni kaskazini, karibu na Cody au Lovell, basi mna bahati, maana hapo mpakani na Montana kuna milima ya Pryor iliyotengewa farasi hao tangu 1968, na wengi wao wana mstari mweusi mgongoni na milia miguuni mpaka utadhani wana damu ya punda (hawana, damu yao ni ya farasi walioletwa na Wahispania miaka ya 1500 na kitu). Wanatembea kifamilia, dume mmoja na majike yake na watoto, na madume vijana waliofukuzwa wanazurura pamoja kama mnavyokaa nyie hapo barazani. Dume huyo ana wivu ajabu, akiona farasi wenu wamesogea anaweza kuja kuwapima, ndo maana mnakaa mbali, mita 30 kwa uchache na kwengine zaidi ya hapo. Mwongozaji akisema geuzeni, geuza, video utachukua siku nyengine.

Sasa hilo la punda. Linakusaidia nusu: mnyama humuogopi na mwili wako unajua kujiweka sawa. Nusu ya pili itakuponza, kwa sababu nyie punda mnamkalia nyuma kule matakoni na kumwendesha kwa kijiti, na farasi unakaa katikati ya tandiko, visigino chini, hatamu mkono mmoja, unailaza shingoni anageuka. Akitembea utafurahi, akianza kwenda matiti, zile mbio ndogo za kurukaruka, hapo ndo mapaja yatakwambia ukweli, na ranchini mnakaa juu ya farasi masaa. Viza si lazima uende Nairobi kwa intavyuu? Basi pitia Karen, kuna shule za kupanda farasi, lipia masomo mawili matatu.

Vaa jinzi na buti lenye kisigino kidogo, kandambili sahau kabisa, mguu ukipenya kwenye kikuku ukaanguka utaburutwa. Helmeti omba hata kama wenyewe wanavaa makofia yao. Beba koti zito, ni Julai lakini milimani usiku si joto la Langoni. Bima isome vizuri, nyengine hazigusi ajali ya farasi. Na chakula waambieni mapema kabisa, maana nguruwe kule asubuhi ni kama mahamri kwetu.

SWALI: Anti, mi nataka kupanda farasi Laikipia ila nna kilo 105. Wataniruhusu?
Mama wa Malindi

JIBU: Piga simu uulize kabla ya kutuma pesa, na useme kilo za kweli bibi wee. Hesabu inayotumika sana ni farasi asibebe zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake, tandiko likiwemo. Kwa hiyo farasi wa kilo 500 mwisho wake ni 100, wewe unahitaji jitu la kilo 600 hivi. Wengine wanao farasi wakubwa, wengine hawana, na wakikukatalia si dharau, ni mgongo wa mnyama wanauchunga.