Kwa afisa uvuvi mpya uliyepangiwa Bahi au Singida

Watakuambia umetupwa mahali pasipo na samaki, kwamba uvuvi ni Mwanza na Kigoma. Usiwasikilize. Huku kuna perege asiyepatikana kiasili popote nje ya Tanzania. Wataalamu humwita Oreochromis amphimelas. Makao yake ni maziwa ya magadi ambayo maji yake hayafiki baharini: Manyara, Eyasi, Kitangiri, Singida, na Sulunga hapa Bahi. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, wamemwandika miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka.

Sulunga hulishwa na mto Bubu. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili hivi. Zikikatika, ziwa linarudi nyuma, chumvi inapanda, na ukame ukizidi linabaki tope. Perege huyu amezoea maisha hayo. Jike hulea mayai na watoto mdomoni, kwa hiyo kokoro, yaani wavu wa kukokota, likikwangua pembezoni linabeba mama na kizazi chake kwa pamoja. Hilo utalikemea, na sheria unayo mkononi.

Kazi ngumu zaidi italetwa na watu wema. Kikundi cha vijana kitakuja kuomba vifaranga vya sato wafuge bwawani, na nia yao ni njema kabisa: wanataka kipato. Ila sato si wa huku, na akikutana na perege wetu huweza kuzaliana naye. Machotara nao huzaa. Baada ya vizazi kadhaa ziwa litakuwa limejaa samaki, lakini yule wa asili hayumo, na hakuna wavu utakaowatenganisha. Usitulizwe ukiambiwa vifaranga ni madume watupu, maana dume mmoja akitoroka atapata majike ziwani. Kumbuka ngege, perege wa asili wa Ziwa Victoria: ndiye aliyekuwa tegemeo la wavuvi, lakini baada ya sato na sangara kupandikizwa miaka ya 1950, akawa wa kutafutwa kwenye viziwa na mabwawa.

Kwa hiyo kabla ya kukubali bwawa, nenda kwa miguu masika ufuate mfereji wake, ujue yakifurika maji yanaelekea wapi. Yakielekea Bubu, kataa, na ueleze sababu kwa heshima mbele ya mkutano wa kijiji, si kwa barua. Tafuteni pamoja eneo lisilofikiwa na mafuriko.

Mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, anza na wazee. Waulize samaki gani wamepungua na yupi ni mgeni. Sato utamjua kwa mistari ya kusimama mkiani, ila chotara hudanganya macho. Ukimtilia shaka, mpige picha kabla rangi haijafifia, kata kipande kidogo cha pezi, kiweke kwenye spiriti kali, andika mahali na tarehe kwa penseli, kisha uwapelekee wenye maabara ya vinasaba. Wino wa kalamu huyeyuka ndani ya spiriti, na sampuli isiyojulikana ilikotoka haina kazi.