Kuku wanakula, hawakui

SWALI: Shikamoo daktari. Nipo Pongwe, Tanga. Nina kuku wa nyama 300, wiki ya nne sasa. Mahindi yalipopanda bei nikahamia ngano chenga. Katika kilo 100 naweka ngano 74, mashudu ya alizeti 20, dagaa 4, iliyobaki chokaa, chumvi na madini. Wamedumaa. Dukani wameniuzia methionini na kuniambia niongeze mashudu. Sioni tofauti.

JIBU: Marahaba. Ngano haina kosa. Kosa ni hilo "ongeza protini" linalogawiwa madukani kama kashata.

Protini ni fungu la asidi amino, na moja haishiki nafasi ya nyingine. Msuka mkeka akiishiwa miyaa ya rangi, lundo la miyaa myeupe halimmalizii ua. Kwako iliyoisha ni laisini. Kuku wa umri huo anahitaji karibu gramu 11 katika kila kilo ya chakula. Ngano ina kama 3 na nusu, alizeti nayo ni maskini wa laisini. Hesabu yako yote inafika kama 6. Methionini, asidi amino nyingine, imepungua pia, lakini si kwa kiasi hicho, kwa hiyo usiitupe. Ile kanuni ya "methionini kwanza" ni ya chakula cha mahindi na soya, ambako ndiyo hupungua kwanza.

Na mashudu uliyoongeza? Protini isiyo na kazi kuku huivunja, naitrojeni ikatoka na kinyesi na kugeuka amonia, gesi kali. Alfajiri, kabla hujafungua mapazia, chuchumaa bandani. Macho yakikuwasha, hiyo ndiyo pesa yako.

Rudi kwenye kilo 20 za alizeti, kisha toa 12 uweke mashudu ya soya. Ongeza gramu 300 za laisini ya unga, lakini ipime kwa mizani na kuichanganya kwanza na kilo mbili za ngano iliyosagwa. Dagaa wenye mchanga usiwahesabu. Kinyesi kikinata, hiyo ni tabia ya ngano. Kuna kimeng'enya chake, zailanesi.

Kinachonikera ni kwamba kila wiki naletewa picha za makopo, sijaletewa picha ya chakula. "Vitamini na asidi amino, kijiko kimoja kwa lita 20 za maji." Haya, tupige hesabu. Kuku wakinywa lita 20 wanakula kama kilo 10, na kwa joto letu la Tanga hata hazifiki. Pengo lako la laisini katika kilo 10 ni zaidi ya gramu 40. Kijiko ni gramu 5 hivi, na humo ndani nyingi ni sukari.