Seli za hamu ya kula: «huharibika» au «huharibiwa»?

Msomaji anayefundisha biolojia katika shule ya sekondari anauliza kama ni sahihi kuandika: «Seli za ubongo zinazodhibiti hamu ya kula huharibika na mafuta, kisha hupona.»

Katika mazungumzo tunasema mahindi yameharibika na mvua, na hakuna anayeshtuka. Hata hivyo, kauli ya kutendeka hueleza hali iliyokipata kitu bila kumtaja mtenda, na katika maandishi ya sayansi ni bora mtenda akitajwa kitenzi kiwe katika kauli ya kutendwa: «huharibiwa na». Ukibakiza «huharibika», andika «kutokana na», maana hapo unataja chanzo, si mtenda. Mimi ningechagua «kutokana na», kwa kuwa mafuta hayazigusi seli hizo na kuziua papo hapo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba panya wakilishwa chakula chenye mafuta mengi, uvimbe (yaani mwitikio wa kinga ya mwili) hujitokeza katika haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayodhibiti hamu ya kula, ndani ya siku 3 za mwanzo, kabla hawajanenepa, na kwamba panya waliolishwa hivyo kwa miezi 8 walipungukiwa na takriban robo ya seli zinazozuia hamu ya kula.

Kitenzi «hupona» ndicho kinachohitaji uangalifu zaidi. Mgonjwa hupona, kidonda hupona, na seli iliyojeruhiwa nayo yaweza kupona maadamu ingali hai; iliyokufa haiponi. Mwaka 2014 watafiti walieleza kwamba panya walionenepa, waliporudishwa kwenye chakula chenye mafuta kidogo, walipungua uzito na seli za glia, yaani seli saidizi zilizokuwa zimesongamana mahali hapo, zikarudi katika hali ya kawaida. Kilichoshuhudiwa hapo ni kutulia kwa uvimbe, wala si kufufuka kwa seli zilizokwisha kufa. Ikiwa unakusudia seli changa zinazojitokeza katika haipothalamasi ya panya wazima, andika «huzaliwa seli mpya», ili mwanafunzi asidhani kwamba ni zilezile za awali.

Ningeiandika sentensi yako hivi: «Katika panya, baadhi ya seli za ubongo zinazodhibiti hamu ya kula hujeruhiwa, na nyingine hufa, kutokana na ulaji wa muda mrefu wa mafuta mengi; chakula kikibadilishwa, uvimbe unaozizunguka hutulia.»