“Nyimbo hii imeimbwa na Technotronic”: kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi hutangaza kipindi cha muziki wa zamani katika redio ndogo ya mtaani hapa Nairobi. Juzi nilisema hewani, “Hii nyimbo ya ‘Pump Up the Jam’ imeimbwa na Technotronic mwaka wa 1989.” Mwenzangu aliniambia kuwa sentensi hiyo ina makosa, lakini hakuyataja. Makosa hayo ni yapi? – Msomaji, Umoja, Nairobi.

JIBU: Nadhani mwenzako alikusudia neno “nyimbo”, kwa kuwa ndilo linalolikwaza sikio la kila aliyefunzwa ngeli shuleni. Umoja ni wimbo, wingi ni nyimbo. Neno hili limetokana na kitenzi imba. Kiambishi u- cha umoja hugeuka w- mbele ya irabu, na katika wingi mahali pake huchukuliwa na ny-, kama tunavyoona katika wembe na nyembe au waya na nyaya. Kwa hiyo husemwa “wimbo huu umevuma” na “nyimbo hizi zimevuma”. Wanaosema “nyimbo hii” wanalichukulia neno hili kana kwamba ni nyumba au nyama, maneno ambayo umbo lake halibadiliki katika umoja na wingi, na kwa kuwa watu wengi wa Nairobi huuita wimbo ngoma, upatanisho wa ngoma nao umehamia kwenye wimbo pasipo msemaji kutambua. Ngoma yenyewe haina tatizo, kwani hata methali husema “Ngoma ivumayo haidumu”, na hapo i- iko mahali pake. Ukipenda kusema “ngoma hii”, sema bila wasiwasi, ila ukitamka wimbo, fuata ngeli ya wimbo.

Kuhusu “hii” kutangulia nomino, hilo si kosa. Ni njia ya kutia mkazo. Wala “wimbo wa ‘Pump Up the Jam’” si kosa, kwa sababu -a unganifu huweza kutaja jina la kitu chenyewe, kama katika “mji wa Nairobi” na “mwezi wa Machi”. Kitenzi “imeimbwa”, hata baada ya kusahihishwa kuwa “umeimbwa”, hakikai vizuri pamoja na mwaka uliokwisha kupita zamani, kwa maana -me- huonyesha hali iliyopo sasa kutokana na tendo lililokamilika. Waweza kusema “wimbo huu umeimbwa kwa Kiingereza”, kwa kuwa ndivyo ulivyo hadi leo, lakini ukitaja mwaka wa 1989 tumia -li-.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote hayo, nalo ni maneno “imeimbwa na Technotronic”. Katika kauli ya kutendwa, “na” humtaja mtenda, yaani yule ambaye tendo lilitoka kwake. Ukisema “wimbo uliimbwa na fulani”, unamwambia msikilizaji wako kwamba sauti anayoisikia ni ya huyo fulani. Technotronic lilikuwa kundi lililoanzishwa Ubelgiji na mtayarishaji wa muziki Jo Bogaert, na kazi yake katika wimbo huu ilikuwa kuunda midundo na vinanda vya kielektroniki. Sauti inayosikika ni ya Ya Kid K, mwanamuziki wa kike aliyezaliwa Kinshasa na baadaye kuishi Ubelgiji. Juu ya hayo, kwenye jalada la singo hiyo na katika video yake hakuonekana yeye, bali mwanamitindo Felly, ambaye alichezesha midomo kuifuata sauti isiyo yake, na jina la Felly ndilo lililoandikwa kuwa la msanii aliyeshirikishwa. Wimbo huo ulifika nafasi ya 2 katika chati za Uingereza na nafasi hiyohiyo katika chati kuu ya Marekani, na wakati huo wote mamilioni ya watu waliamini kwamba mwimbaji ni yule waliyemwona.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba uchaguzi wa kitenzi hapa si pambo la sarufi. Kiswahili kimetupa vitenzi vya kutosha kumpa kila mtu haki ya kazi yake: wimbo hutungwa na mtunzi, hutayarishwa na mtayarishaji, huimbwa na mwimbaji, hurekodiwa studioni, kisha hutolewa na kampuni au na kundi. Ukitaka kulitaja kundi bila kuingia katika undani wa nani alifanya nini, tumia -a unganifu: “wimbo wa Technotronic”. Hapo unasema tu kwamba wimbo unahusiana na kundi hilo au ni mali yake, na kauli hiyo ni kweli. Au sema “ulitolewa na kundi la Technotronic”, ambayo pia ni kweli. Lakini “uliimbwa na Technotronic” humnyang’anya mwanamke wa Kinshasa kazi ya koo lake, na mtangazaji wa Kiafrika anayezungumza na Waafrika ana sababu ya ziada ya kulichunga jambo hilo.

Huenda ukauliza kama “kuimba” ndicho kitenzi kinachofaa hasa, kwa kuwa wimbo huu ni mchanganyiko wa hip hop na muziki wa dansi wa kielektroniki uliochipuka katika kumbi za Chicago, na sehemu kubwa ya maneno yake hayaimbwi kwa mahadhi bali hutamkwa kwa mapigo. Tunalo jina la muziki wa kufokafoka, nalo linaeleweka, lakini kitenzi foka hakitufai katika kauli ya kutendwa. Foka si elekezi. Hakichukui yambwa, yaani mtu au kitu kinachotendewa, kwa hiyo huwezi kusema “wimbo ulifokwa”. Ukijaribu “ulifokewa” utaharibu zaidi, kwani kufokewa ni kukaripiwa kwa hasira. Mimi hupendelea ghani, kitenzi ambacho wenyeji wa pwani wamekitumia kwa mashairi karne na karne, maana kughani huwa kati ya kusema na kuimba, na hapo ndipo ulipo ufundi wa Ya Kid K. “Beti zake zilighaniwa na Ya Kid K” ni sentensi safi, yenye kitenzi elekezi na mtenda anayestahili.

Uangalie pia usichanganye “na” na “kwa”. Mtenda hufuata “na”, kifaa hufuata “kwa”. Midundo ya wimbo huu ilitengenezwa na Jo Bogaert kwa mashine, si “na mashine”, hata kama mashine zenyewe zilifanya kazi nyingi. Nguvu za asili zina desturi yao, ndiyo sababu tunasema mtu amenyeshewa na mvua, lakini kinanda si mvua.

Kwa hiyo ningesema hewani: “Wimbo huu, ‘Pump Up the Jam’, ulitolewa na kundi la Technotronic mwaka wa 1989, na sauti mnayoisikia ni ya Ya Kid K.” Ukipenda lugha ya wanamuziki wetu, tumia kitenzi shirikisha, lakini ukumbuke kwamba ni cha kusababisha na hudai yambwa: “kundi la Technotronic likimshirikisha Ya Kid K”. Usiseme “likishirikisha na Ya Kid K”, kosa ambalo hutokana na kukichanganya kitenzi hicho na shirikiana, ambacho ndicho huandamana na “na”. Wimbo wao uliofuata, “Get Up! (Before the Night Is Over)”, ulitoka ukiwa na jina la Ya Kid K waziwazi, kwa hiyo ukiucheza baada ya ule wa kwanza, kiambishi -m- katika “likimshirikisha” kitakuwa kinamrejelea mtu yuleyule katika nyimbo zote mbili.