Uliza Tukujibu: Nimekuwa bosi wa washkaji zangu, kazi nafanya mwenyewe

SWALI: Habari za kazi dada. Miezi minne sasa nimepandishwa kuwa supavaiza wa watu saba, ndo walewale niliokua nakaa nao meza moja. Kazi nawapa ila inarudi mbovu naishia kuirekebisha mwenyewe usiku. Nikiandika kwenye grupu "jamani ile ripoti ya wiki imalizike" wote wanaweka dole gumba afu hakuna anayeigusa. Kuna mmoja ni mshkaji wangu kabisa, anachelewa karibu kila siku, nikimwambia anacheka anasema "bosi mpya ana moto". Nikikaza wanasema nimebadilika, nikinyamaza kazi inalala. Nifanyeje? – Bosi Asiye na Kiti

JIBU: Kaka, kiti unacho, ila wewe bado umekaa kwenye ile meza ya zamani, unafanya kazi yako ya zamani na za wenzako juu yake. Pole, wengi tumepita hapo.

Nianze na grupu maana hapo ndo rahisi. Zaidi ya miaka 100 iliyopita Mfaransa mmoja, Ringelmann, aliwavutisha watu kamba akapima nguvu zao, akakuta wakiwa wanane kila mmoja anatoa kama nusu tu ya nguvu anayotoa akivuta peke yake. Utasema labda hawakuvuta kwa pamoja, na kweli kuna hilo, ila mwaka 1974 watafiti wa Marekani waliirudia kwa ujanja, wakamfunga mtu kitambaa machoni wakamweka mbele ya kamba, nyuma yake wakapanga watu wanaojifanya wanavuta kumbe hawavuti, na bado jamaa akalegea kwa sababu tu anaamini ana wenzake nyuma. Sasa angalia ujumbe wako, "jamani". Jamani sio jina la mtu. Andika jina moja, kitu chenyewe na lini: "Fulani, jedwali la mauzo naliomba Alhamisi saa sita mchana, ukikwama niambie Jumatano." Hiyo Jumatano usiiache, watu wengi wakikwama wanaficha mpaka siku yenyewe ndo unaambiwa mtandao ulikua unasumbua.

Kwenye kurekebisha usiku hapo nakuelewa kuliko unavyodhani. Mi nilipopewa timu mara ya kwanza kuna kijana alikua ananiletea ripoti za ajabu, nikawa nazifumua usiku nazituma kwa jina lake, yani nilijiona nina roho nzuri. Siku moja kaleta imeishia katikati, nikamuuliza mbona nusu, akanijibu bila hata kuona aibu, "si utaibadilisha tu". Nikakosa la kusema, maana hakukosea. Toka hapo nikawa narudisha, sio na maneno "rudia hii" kwa sababu hayo hayamfundishi mtu chochote, narudisha na alama tatu za kalamu: hapa namba zako hazifiki kwenye jumla uliyoandika, hapa hujasema tatizo limeanzia wapi, hili jibu la mwisho lipandishe juu kabisa. Alama tatu basi, ukichora ukurasa mzima anakata tamaa. Sitakudanganya, zile za kwanza zilinila muda kuliko ningeandika mwenyewe na mbili tulizichelewesha nikasemwa mimi kwa wakubwa. Ya tano nikasoma nikatuma kama ilivyo.

Sasa mshkaji wako. Mwite pembeni, wawili tu, usimwambie kwenye korido wala kwa utani, maana ukianza kwa utani na yeye atajibu kwa utani na mtaishia hapohapo. Usimwambie ana dharau, hilo atalibishia mpaka jioni. Mwambie ulichokiona: "Jumatatu, Jumanne na Alhamisi umefika saa tatu na nusu, simu za wateja wako kapokea mwenzako siku zote tatu. Kuna nini?" Afu nyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndo pagumu, utatamani uchekeshe au umjibie, vumilia. Inawezekana ana mgonjwa nyumbani na mnaweza kubadilishana zamu, ila hilo mlipange rasmi timu ijue muda mpya, sio siri ya marafiki. Kama hana sababu mpe tarehe mtakayokaa tena muangalie, na akiendelea fuata utaratibu wa ofisi uleule ambao ungemfuatia mtu usiyemzoea. Wale sita wanakuangalia, wao wanaofika kwa wakati.

Kuhusu kuonekana umebadilika, umebadilika kweli, waambie wazi kwamba kuna mambo sa hivi huwezi kuwaambia na kuna mengine utayakataa. Na lile grupu la kumsema bosi, toka taratibu, bosi anayesemwa sasa ni wewe waachie nafasi.

SWALI: Kila kikao nikimaliza nauliza kuna swali? Kimya. Wakitoka nje nasikia wanalalamika. Wananiogopa au? – Mwenyekiti

JIBU: Naomba nikuulize kwanza, nani anaongea wa kwanza? Kama ni wewe, dakika arobaini, afu unafunga na uamuzi wako, swali la nini tena? Jaribu kuuliza hivi: "kitu gani kitatukwamisha kwenye huu mpango?", anza na mwenye cheo cha chini kuliko wote, wewe uwe wa mwisho. Kuna watakaosema "mi niko sawa", mrudie baadae akiwa peke yake. Na siku mtu akikuambia kitu kinachouma, meza mate, mshukuru, usijitetee, afu kabla ya kikao kinachofuata uwe umeshalifanyia kitu hata kidogo na useme limetoka kwake, isipokuwa kama amekuomba usimtaje.