Flashi imerudi kutoka steshenari, folda zote zimekuwa shotikati: usifomati kwanza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Flashi uliyopeleka kuprinti vyeti pale Nyegezi, Mwanza, imerudi na kila folda imegeuka shotikati (kitufe cha mkato tu, si folda yenyewe), na imeili uliyofunguliwa na kijana wa steshenari hiyo hiyo sasa inakataa nywila. Nayajibu pamoja, kwa sababu yote yametokana na kutumia kompyuta inayoshikwa na kila anayepita.

Tuanze na flashi. Usifomati, yaani usiifute yote, mafaili yako yapo. Kirusi cha aina hii kwa kawaida hakifuti kitu. Kinazificha folda zako halisi kwa kuzipa alama za siri na za mfumo, halafu kinaweka shotikati zenye majina yale yale. Ukibofya VYETI, kirusi kinaanza kazi kimyakimya kwenye kompyuta yako, kisha folda halisi inafunguka, nawe unaona mambo shwari. Zamani flashi ikichomekwa tu, programu iliyomo ilijiwasha. Microsoft waliliziba hilo kuanzia Windows 7. Siku hizi kinachokiamsha ni kidole chako, kwa hiyo usibofye chochote ndani yake.

Iangalie vizuri. Shotikati ina mshale mdogo kwenye kona ya chini kushoto. Ukibadili mwonekano kuwa Details, safu ya Type itaandika Shortcut na ukubwa utakuwa KB 1 au 2 hivi. Folda ya kweli haionyeshi ukubwa kabisa kwenye safu ile. Kwa kuangalia hivyo tu unaikamata flashi chafu kabla haijakuchafulia mashine.

Sasa kurudisha. Fungua This PC uone flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Bofya Start, andika cmd, bonyeza Enter. Kwenye kidirisha cheusi andika hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, usichomoe flashi mpaka mstari wa kuandikia urudi. Yenye mafaili mengi huchukua dakika kadhaa. Wengi hukosea mahali pawili. Kwanza nafasi: lazima iwepo kabla ya kila kistari (-), kila mkwaju wa mbele (/) na kabla ya E. Pili herufi: ukiandika C badala ya E utafichua mafaili ya Windows yenyewe ambayo yamefichwa kwa sababu, na mtu akiyaona anaweza kuyafuta akidhani ni takataka. Amri ikimaliza, folda zako zitaonekana tena. Wakati mwingine kirusi kinakuwa kimezisukumia zote ndani ya folda moja isiyo na jina. Usiogope, ingia humo.

Kabla ya kunakili, bofya View, kisha Show, weka alama kwenye File name extensions. Bila hiyo, faili linaloitwa cheti.pdf.exe utaliona kama cheti.pdf. Nakili docx, xlsx, pdf na jpg tu. Chochote kinachoishia na vbs, js, bat au exe, pamoja na shotikati zenyewe, kiache hapo hapo kife na flashi. Ukishahakikisha nakala zinafunguka, ndipo ufomati: FAT32 kwa flashi ya GB 32 kushuka chini, exFAT kwa kubwa zaidi.

Kama ulishabofya, kompyuta yako nayo inaumwa, na flashi safi itachafuka tena mara tu ikichomekwa. Ingia Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, chagua ile ya Microsoft Defender (kinga ya virusi ya Windows) yenye neno offline. Mashine itajizima na kuwaka, na itakagua kwa kama dakika 15 kabla Windows haijaamka, wakati kirusi hakijapata pa kujificha. Laptop iwe na chaji ya kutosha. Ukaguzi ukikatika njiani unaanza upya. Baadaye chomeka flashi tupu, tengeneza folda moja, ichomoe, irudishe. Folda ikibaki folda, umepona. Na kama bado uko Windows 10, ujue matengenezo ya kawaida ya bure yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Kwa nini steshenari zinachafuka? Sababu kubwa ni Windows ya wizi. Zile programu za kuiwashia leseni humtaka mtu azime Defender kwanza, na ikishazimwa hakuna anayekumbuka kuirudisha. Kwa hiyo, uwe Makoroboi au Buzuruga, tenga flashi moja ya kuprinti tu, ndani yake PDF zile unazozihitaji siku hiyo, basi. Mtu anayevuka kutoka Ukerewe na nakala pekee ya vyeti vyake kwenye flashi moja anajitafutia balaa. Nakala nyingine ibaki nyumbani. Bora zaidi ni kadi ndogo ya kumbukumbu ya simu (microSD) ndani ya adapta ya SD: pembeni ina kitufe, ukikishusha upande wa Lock visomaji vingi vinakataa kuiandikia. Kutuma kwa WhatsApp ya duka ni rahisi, ila kitambulisho chako cha NIDA kinabaki kwenye Downloads yao. Omba kifutwe mbele yako kwa Shift na Delete.

Imeili sasa. Aliyekufungulia huenda aliweka namba yake ya simu kama ya kurejeshea akaunti. Kama bado iko wazi kwenye simu yako, fanya leo: akaunti ya Google, Security, badili namba iwe yako, badili nywila, kisha kwenye Your devices ondoa kila kifaa usichokitambua. Kama imefungwa kote, rudi duka lile lile, ukae kwenye kompyuta ile ile, uombe kurejesha akaunti, umwombe kijana akusomee msimbo utakaoingia kwenye simu yake. Google huangalia kifaa na mahali palipozoeleka, kwa hiyo hapo una nafasi nzuri kuliko popote. Ukifanikiwa tu, ingia kwa simu yako na ubadili nywila tena huko, maana kibodi ya duka si ya kuaminiwa.

Jambo linalosahauliwa: kubadili nywila hakuondoi amri ya kupeleka barua kwa mtu mwingine. Fungua Gmail kwenye kompyuta unayoiamini, Settings, See all settings, kisha Forwarding na Filters. Anwani usiyoijua, futa.

Washa uthibitisho wa hatua mbili, chukua misimbo 10 ya akiba, ya tarakimu nane kila mmoja. Iandike kwenye karatasi, uiweke pamoja na cheti cha kuzaliwa. Kila mmoja hutumika mara moja tu. Namba ya kurejeshea iwe ya laini unayoitumia, kwa sababu laini iliyolala muda mrefu hufungwa na namba ikapewa mtu mwingine. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukimaliza, badili na nywila ya Ajira Portal (tovuti ya kuombea kazi za serikali), kama uliiandika kwenye kompyuta ile ile.