Babu Kanyamaza Tangu Nilipomsahihisha

*Shikamoo Shangazi. Nina babu mzaa baba, ana miaka 86. Kila mwezi naenda kumwona na binti yangu wa miaka 11. Ana kisa kimoja asichochoka kukisimulia: alivyompakia mdogo wake kwenye baiskeli, mtoto anawaka homa, wakaenda usiku kucha kutafuta hospitali. Nimekisikia tangu utotoni. Safari moja akasema mvua iliwanyeshea njiani, na siku zote alikuwa akisema kulikuwa na mbalamwezi. Nikamkatiza: "Babu, sivyo, ulituambia mbalamwezi." Binti yangu akacheka. Babu akanitazama, akasema, "Basi wewe ndiye unayejua," akanyamaza. Nimerudi mara mbili tangu siku ile, hasimulii kitu. Tunakaa tu. Binti yangu naye hataki tena kwenda, anasema babu hamjibu. Nimekosa wapi? Au ndiyo akili inaanza kumtoka? – Mjukuu mwenye majuto*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimekwama palepale: "Basi wewe ndiye unayejua."

Mtu wa miaka 86 ni mgeni karibu kila mahali. Dawa anapangiwa, safari anaamuliwa, simu anashikiwa, na watu huzungumza habari zake hali yeye mwenyewe amekaa hapohapo. Pamebaki mahali pamoja ambapo bado ni mwenyeji, nako ni ndani ya kisa chake. Humo yeye ndiye anayekukaribisha na kukuonyesha njia, nawe unamfuata. Ulipomkatiza, tena mbele ya mtoto, ulimtoa nje ya nyumba yake mwenyewe. Najua hukukusudia. Mimi pia nilimfanyia hivyo mama yangu. "Hilo ulishaniambia, mama," nikasema, nina haraka zangu. Alitabasamu, akaniuliza habari za kazini. Miaka ikapita ndipo nikagundua kwamba mwisho wa kisa kile sikuwahi kuusikia, na wa kuniambia hayupo.

Sasa tuje kwenye mvua na mbalamwezi. Mwanasaikolojia mmoja wa Uingereza, Frederic Bartlett, aliwapa watu hadithi ngeni kwao waisome, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda, wengine baada ya miezi. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1932 yalionyesha kwamba wasimulizi waliacha mambo, wakaongeza mengine, na yaliyobaki wakayageuza yaendane na wanavyoelewa dunia. Hao hawakuwa wazee waliopotewa na akili. Ndivyo sote tunavyokumbuka: kila tunapokumbuka jambo tunalijenga upya, na ujenzi wa leo haufanani tofali kwa tofali na wa jana. Babu yako si mwongo, na mvua peke yake si ugonjwa. Hata kurudia kisa kilekile kila mwezi si ugonjwa. Mambo yaliyotupata kati ya miaka 10 na 30 hivi huwa ndiyo tunayoyakumbuka kwa wingi tukishazeeka, na nadhani safari ile ya baiskeli iliangukia humo.

Cha kukutia wasiwasi ni tofauti na hicho. Akikuuliza swali, ukamjibu, akakuuliza lilelile dakika chache baadaye, tena na tena. Akipotea kwenye njia aliyoizoea. Akishindwa kazi ya kila siku aliyokuwa akiifanya bila kufikiri, mpelekeni kwa daktari, wala msijiambie kwamba ni uzee tu. Na akichanganyikiwa ghafla, kwa saa chache au siku mbili tatu, msisubiri hata kidogo. Kwa wazee, maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa mpya huweza kuleta hali hiyo, na mara nyingi inatibika. Lakini mzee anayesema "wewe ndiye unayejua" na kunyamaza kwa miezi miwili kwa sababu aliumizwa, huyo inaonekana bado anakumbuka vizuri lililompata juzijuzi.

Ila mwanangu, kuna jambo hukuliandika. Umenieleza baiskeli, homa, usiku, mvua, mbalamwezi. Hukuniambia kama yule mdogo wake alipona.

Labda unajua na hukuona haja ya kuandika. Labda hujui. Umekisikia kisa hiki tangu utotoni, na pengine kwa kukizoea uliacha kukisikiliza kitambo, ukawa unasubiri tu kifike mwisho. Daktari wa akili Robert Butler wa Marekani aliandika mwaka 1963 kwamba wazee wanaporudi sana nyuma, mara nyingi wanayapitia upya maisha yao: yaliyokwenda sawa, yaliyoharibika, na yale ambayo hawajapatana nayo. Siku zake watu wengi walikuwa wakiuona usimuliaji huo kuwa dalili ya akili kuchoka. Yeye aliona ni kazi, na ni kazi ngumu. Mtu anayerudia kisa kimoja kwa miaka mingi huenda kuna kitu ndani yake ambacho hajamaliza kukisema. Siwezi kujua ni kitu gani kwa babu yako. Wala wewe huwezi kukijua kwa kumhesabia makosa.

Basi rudi kwake, safari hii peke yako. Usijizungushe. Mwambie: "Babu, siku ile nilikukatiza vibaya. Nisamehe. Ningependa unisimulie tena ile safari." Kisha nyamaza wewe. Akisema mvua, ni mvua. Mkifika palepale mnapofika siku zote, muulize jambo ambalo hujawahi kumuuliza. Mdogo wake alikuwa akisema nini kule nyuma ya baiskeli? Alikuwa mzito? Nani alibaki nyumbani akisubiri? Maswali ya namna hii hayana jibu la kukosea. Swali la "unakumbuka?" lina kosa ndani yake, kwa sababu asiyekumbuka ameshafeli mbele yako. Hata picha za zamani, usimwoneshee kidole ukamuuliza "huyu nani?" Sema unachokiona: "Hapa umevaa kofia, na huyu wa pembeni anakucheka." Umwachie nafasi aingie mwenyewe akipenda. Akiwataja watu, omba ruhusa uandike majina yao nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza. Ukitaka kumrekodi kwa simu, muombe kwanza, na akikataa iweke simu mfukoni.

Akilia, usikimbilie kubadilisha mazungumzo. Mshike mkono. Akisema hataki kuendelea, msiendelee.

Kuhusu binti yako, nina shaka kidogo na hilo la "babu hanijibu." Masikio yakizeeka huanza kupoteza sauti nyembamba, na sauti ya mtoto ni nyembamba. Kuna uwezekano mkubwa kwamba hamsikii, naye mtoto anadhani anadharauliwa. Mfundishe aketi mbele yake, uso wake ukiwa kwenye mwanga, aseme taratibu bila kupiga kelele. Televisheni izimwe. Msiongee wawili kwa pamoja. Na mwambie kile kicheko kilimfanya babu ajisikieje. Miaka 11 anaelewa.

Halafu mpe kazi. Mtoto aliyeambiwa "kaa usikilize" anahesabu dakika, lakini mwenye kazi husahau kuondoka. Aje na swali lake mwenyewe kuhusu babu alipokuwa na miaka 11: alikuwa akiogopa nini gizani, alilala na nani, alipigana na nani, nani alimfundisha kuendesha baiskeli. Naye amweleze babu ya kwake, maana mzee naye huchoka kuwa yeye pekee anayesimulia. Wakae nusu saa, mtoto atoke akacheze, arudi kuaga. Nendeni saa ambazo babu yako huwa mchangamfu. Kwa wazee wengi ni asubuhi, ila wako unamjua wewe.

Inawezekana utakapomwomba msamaha atakwambia tu, "Yameshapita," na kisa kisitoke siku hiyo. Usimlazimishe. Kaa naye, hata kama ni kusikiliza redio pamoja hadi jioni. Unapoondoka usimwambie "nitakuja tena." Mtajie siku, kisha uje siku hiyohiyo.